Gari Halimo

Nililikuta Katumba, nyuma ya banda la ng'ombe:
Pijo 404, nyeupe ya maziwa yaliyoganda,
kuku ameatamia kiti cha dereva,
mgomba umepenyeza mkungu dirisha la nyuma.
Nikatoa laki nane.
Vijana wawili wa marehemu wakazihesabu mara mbili,
wakasema, kadi itatafutwa.

Miezi kumi na moja nimeikalia sentensi hiyo.

Bodi nimeinyoosha, hapa Mwanjelwa,
kutu nimeikwangua mpaka bati likapumua.
Kabureta nimeisugua kwa mswaki wa mwanangu.
Jumapili moja injini ikakohoa,
jirani akatoka na blanketi mabegani
akauliza nani anaumwa.
Kila kitu kina kipuri, nimegundua,
isipokuwa karatasi.

Dirisha namba tatu, dada wa sweta la zambarau
akaandika namba, akasubiri, akapuliza vidole kwa baridi.
"Gari halimo."
Halimo wapi?
"Kwenye mfumo."
Lakini lipo, dada, dakika kumi kwa miguu,
lina taa, lina honi, mbwa wanalibwekea.
Akanitazama kama mtu aliyeleta maiti
akisisitiza kwamba ni mgonjwa.
"Lete kadi."
Kadi ndiyo ninayoitafuta.
"Basi mlete mwenyewe."
Mwenyewe yuko chini ya msalaba wa saruji.
"Basi lete mirathi. Anayefuata!"

Polisi wakauliza kadi ilipotea lini,
kitu ambacho sijawahi kukiona.
Kwa wakili nikalipa elfu thelathini
kuapa kwamba sijui.
Nikatandika karatasi juu ya chesisi, nikasugua penseli,
tarakimu zikaota moja moja kama meno ya mtoto.
Ya sita ikagoma: nane, au tatu?

Na mirathi!
Ambele akasema baba alishaliuza kwa mtu wa Mwakaleli.
Anyigulile akasema hakuuza, aliazima pesa tu.
Wakaacha kusalimiana
kwa ajili ya gari walilokuwa wakilifungia ndama.

Februari, mvua haikatiki,
nikafumua kiti cha nyuma.
Sponji. Kiota cha panya. Punje za kahawa.
Na stakabadhi ya leseni ya barabara, mwaka sabini na mbili,
imekunjwa mara nne, muhuri umefifia,
jina halijafifia:
Subilaga Mwaijande.

Nikaipeleka Katumba.
Ambele akaisoma, akashusha sauti:
"Mwanamke gani huyo?"
Anyigulile akageukia kaburi
kama anayesubiri lijitetee.
Mimi nikatazama viatu vyangu, vimejaa tope,
nikajuta kufumua.

Mama yao, ambaye kijiji kizima ni Mama Ambele,
na kanisani ni Debora,
alikuwa kwenye kigoda akimenya ndizi.
Hakuinua kichwa.

"Subilaga ni mimi.
Kabla sijawa mama wa mtu."

Ganda likaanguka. Akachukua ndizi nyingine.

"Kahawa ya shamba la mama yangu, misimu mitatu.
Baba yenu alijua kuendesha.
Mimi nilijua kulipa."

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua stakabadhi,
akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo mbili,
akawauliza wanawe, taratibu kabisa,
ile laki nane ililiwa na nani.

Mvua ikajibu peke yake juu ya bati.

"Na wewe fundi, umelipaka rangi gani?"
Bado, mama. Nilikuta kijani chini ya nyeupe,
nikadhani ni ya msingi.
"Nyeupe aliitaka yeye.
Mimi nilinunua kijani.
Paka, halafu tuzungumze bei."

Nimepaka. Mara mbili, na ya tatu ya kung'arisha.
Alhamisi nikipata nafasi nitarudi dirisha namba tatu.
Sitampelekea dada yule kadi.
Nitampelekea mwenyewe,

kama mwenyewe atakubali kuja.
Nilipompigia jana alisema ana ndizi za kumenya.